Kulea Chi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya anayekutana na neno chi, pengine kwenye darasa la taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, pengine kwenye kliniki ya tiba ya Kichina, na anayetaka kujua Wachina wenyewe wamelielewaje kabla hajalipa ada ya kozi yoyote.

Chi ni nini?

Kwa herufi za Kilatini Wachina huiandika qi, na hutamkwa karibu sawa na chi yetu, ila sauti huanzia juu na kushuka kwa kasi. Alama yake ya kale kabisa ilikuwa mistari iliyolala, picha ya mvuke au mawingu yanayopanda. Baadaye ikaongezewa alama ya mchele kwa chini. Ukiitazama alama ya jadi, ile inayotumika hadi leo Taiwan na Hong Kong, ni kama unaona mvuke ukifuka juu ya sufuria ya wali. Picha hiyo inanieleza zaidi kuliko tafsiri nyingi nilizosoma: kitu chepesi, chenye joto, kisichotulia, nacho kimetoka kwenye chakula.

Katika maneno ya kila siku chi imeenea kila mahali. Hali ya hewa ni tianqi, chi ya mbingu. Nguvu za mikono ni liqi. Bahati ni yunqi. Mtu akikasirika husemwa shengqi, yaani amezalisha chi. Kuwa na adabu za ugenini ni keqi, chi ya mgeni. Kwa hiyo mama anayeuza mboga Beijing hutaja chi mara nyingi kwa siku bila kufikiria jambo lolote la siri.

Wanafalsafa walikwenda mbali zaidi. Kitabu cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa Dao, kinasema uhai wa mtu ni mkusanyiko wa chi. Ikikusanyika ni uzima, ikitawanyika ni mauti. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Zhang Zai (1020–1077) alilinganisha jambo hili na barafu na maji: vitu vyote, pamoja na miili yetu, ni chi iliyoganda kwa muda, kisha huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ukilielewa hili hutaifikiria chi kama umeme uliofungiwa ndani ya betri ya mwili. Kwa fikra hizi mwili wenyewe ni chi.

Si bora tuiite pumzi, roho au nguvu?

Pumzi inakaribia sana. Sisi husema mtu amekata roho; Wachina husema duanqi, amekata chi. Lakini roho, kwa imani za wengi wetu, hubaki ikiwa roho baada ya mwili kuzikwa, na chi ya Zhang Zai hutawanyika tu. Neno nguvu nalo linapungukiwa, kwa sababu chi inaweza kuwa mbaya. Madaktari wa jadi wa China huzungumzia xieqi, chi potovu inayoingia kutoka nje ikiwa baridi, upepo au unyevu. Huzungumzia pia chi iliyokwama, na chi inayopanda pale ilipotakiwa kushuka, ndiyo maana mtu akapata kwikwi au kikohozi. Wengi huandika "nguvu ya uhai" na sina ugomvi nao, ila hapa nitabaki na chi.

Kwa nini mnasema "kulea" chi na si "kuongeza" au "kuamsha"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nadhani asiyelijibu vizuri atapotea katika mengine yote.

Neno la Kichina ni yang. Hutumika kwa kulea watoto, kufuga kuku, kupanda maua, kumtunza mgonjwa hadi apone. Yangqi ni kulea chi, na yangsheng ni kulea uhai, jina la elimu nzima ya afya ya jadi. Kiswahili kina bahati hapa, maana kitenzi kulea kinabeba karibu mzigo uleule. Tunalea mtoto, tunalea mimba, tunalea kidonda kisitoneke. Mlezi hafanyi mtoto akue. Humlisha, humkinga, humrekebisha, kisha hungoja.

Mengzi, mwanafalsafa aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, aliulizwa na mwanafunzi wake Gongsun Chou ana ubora gani. Akajibu kwamba anajua kulea vizuri haoranzhiqi, chi iliyofurika kama mto. Alipoulizwa ni nini hiyo, jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba ni vigumu kueleza. Kisha akasema ni chi kubwa na imara kupita kiasi, inayolelewa kwa unyofu, na inayozaliwa na matendo ya haki yaliyolimbikizwa siku hadi siku. Mtu akifanya jambo ambalo moyo wake mwenyewe unalikataa, chi hiyo husinyaa.

Papo hapo akasimulia habari za mkulima wa nchi ya Song. Mkulima huyu alisikitika kwamba miche yake haikui, akaingia shambani akauvuta mmoja mmoja ili irefuke. Akarudi nyumbani hoi, akawaambia watu wake kwamba siku hiyo ameisaidia miche kukua. Mwanawe akakimbia kwenda kuiona, akaikuta imenyauka. Mengzi akaongeza kuwa wako pia wanaoacha shamba bila kupalilia kwa kudhani hakuna faida, nao wanakosea. Kazi ya mlezi iko katikati: palilia, usivute.

Kila ninapoona tangazo la "kuamsha chi yako kwa siku tatu" humkumbuka yule mkulima.

Chi ya mwili hutoka wapi?

Tiba ya jadi, kwa msingi wa kitabu cha kale cha tiba, Huangdi Neijing, kilichokusanywa kabla na wakati wa utawala wa Han, miaka elfu mbili hivi iliyopita, hutaja vyanzo vitatu. Cha kwanza ni yuanqi, chi ya asili, urithi kutoka kwa wazazi, nayo huhifadhiwa kwenye figo. Cha pili ni chi ya nafaka, inayochujwa na wengu na tumbo kutoka kwenye chakula. Cha tatu ni hewa safi inayovutwa na mapafu. Chi ya nafaka na hewa hukutana kifuani.

Kutoka hapo kuna ile yenye lishe, yingqi, inayotembea pamoja na damu ndani ya mishipa, na ile ya ulinzi, weiqi, inayozunguka chini ya ngozi na kupigana na baridi na upepo kama askari wa lindo. Njia kuu zinazopitisha chi ni 12, pamoja na 8 za ziada. Ndizo zinazochomwa sindano katika akupancha.

Majina ya viungo yasikudanganye. "Wengu" wa Neijing una kazi ambazo hospitali zetu hazijui wengu kuwa nazo. Ni mfumo mwingine wa kufikiri uliotumia majina yaleyale.

Kuna tofauti gani kati ya jing, chi na shen?

Huitwa hazina tatu. Jing ni kiini kizito, kinachohusiana na uzazi na ukuaji. Shen ni uangavu wa akili na nafsi unaoonekana machoni. Chi iko kati yao. Wafuasi wa Dao, dini na falsafa ya jadi ya China, walifundisha kugeuza jing kuwa chi, na chi kuwa shen. Ndiyo maana vitabu vya kale vinawaonya wanaume wasipoteze mbegu ovyo. Sun Simiao, daktari wa zama za Tang aliyefariki mwaka 682, alitoa mwongozo wa kiasi kulingana na umri. Hakuwataka watu wa kawaida waishi kama watawa, nami nadhani alikuwa na busara.

Mazoezi haya yalianza lini?

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka kaburini. Mwaka 1973 wachimbuzi wa mambo ya kale walifungua kaburi namba 3 la Mawangdui, mjini Changsha katika jimbo la Hunan, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani walikuta kitambaa cha hariri chenye michoro ya watu 44, wanaume kwa wanawake, wengine wamevaa na wengine vifua wazi, kila mmoja katika mkao wake: anayejinyoosha, anayeinama, anayeiga mnyama. Pembeni yaliandikwa majina ya mikao, mengine yakitaja ugonjwa unaotibiwa. Mazoezi hayo huitwa daoyin, kuongoza na kuvuta. Yaani watu hawa walijinyoosha asubuhi zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, na mikao kadhaa ungeitambua leo katika bustani za Beijing.

Zhuangzi aliwataja pia wapulizao hewa chakavu na kuvuta mpya, wanaoning'inia kama dubu na kujinyoosha kama ndege. Aliwataja kwa kuwakosoa kidogo, kwa sababu walitafuta umri mrefu tu.

Kisha kuna Hua Tuo, tabibu aliyeuawa karibu mwaka 208 baada ya Kristo. Alimfundisha mwanafunzi wake Wu Pu michezo ya wanyama watano: simba-milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Hoja yake ilikuwa rahisi: mwili unahitaji kutumika, lakini usichoshwe, bawaba ya mlango haiozi kwa sababu inazunguka kila siku. Historia inasema Wu Pu alipita miaka 90, masikio yakisikia vizuri na meno yakiwa kamili.

Je, chigongi ni sanaa ya miaka elfu?

Mazoezi ni ya kale, jina si la kale. Qigong, ninaloliandika chigongi, ndilo jina la jumla la mazoezi haya ya kulea chi, na zamani lilikuwa neno la nadra. Aliyelifanya jina la tiba ni Liu Guizhen, ofisa wa Chama cha Kikomunisti huko Hebei, aliyepona vidonda vya tumbo kwa mazoezi ya kupumua aliyofundishwa kijijini kwao katika miaka ya 1940. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na kliniki Tangshan na nyumba ya wagonjwa Beidaihe, ufukweni. Mambo ya dini yaliondolewa na lugha ya kitabibu ikaingizwa. Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao (1966–1976) yakayafunga yote.

Yaliporudi, yalirudi kwa kishindo. Miaka ya 1980 mamilioni ya watu walijaa bustanini, na wakazuka mabingwa waliodai kusoma maandishi kwa masikio au kuponya ukumbi mzima kwa hotuba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilibana. Mwaka 2003 mamlaka za michezo za China zilitoa seti nne rasmi: Baduanjin, wanyama watano wa Hua Tuo, kupumua kwa sauti sita, na Yijinjing, mazoezi ya kuimarisha misuli na kano.

Nianze na zoezi gani?

Baduanjin, "vipande vinane vya hariri ya nakshi". Limetajwa tangu enzi ya watawala wa Song (960–1279), si ile nchi ya mkulima wa Mengzi, halihitaji vifaa, na huchukua robo saa hivi. Unainua mikono miwili kama anayeitegemeza mbingu. Unavuta upinde kushoto na kulia. Unainua mkono mmoja huku mwingine ukisukuma chini. Unageuza shingo kutazama nyuma. Unashuka kama aliyepanda farasi na kuzungusha kichwa na kiuno. Unainama hadi miguuni. Unakunja ngumi na kukaza macho. Mwisho unanyanyuka kwa vidole vya miguu na kuangusha visigino mara saba.

Ukilifanya haraka linaonekana kama mazoezi ya viungo ya shule ya msingi. Tofauti iko kwenye mwendo na umakini. Mabega yashuke, magoti yalegee kidogo, nia iende pamoja na mkono, na pumzi isilazimishwe. Mwenye shinikizo la damu au mgongo mbovu asiiname sana kwenye kipande cha tano na cha sita, na amwulize daktari wake kwanza.

Dantiani iko wapi, na nipumueje?

Dantian, au dantiani, maana yake ni shamba la dawa ya uzima. Ya chini, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi, iko chini ya kitovu kwa upana wa vidole vitatu hivi, ndani ya tumbo. Usiitafute kwenye picha za eksirei. Ni mahali pa kutuliza nia. Shamba, tena. Unapanda hapo, hung'oi.

Kaa au simama wima, vuta hewa kwa pua, liache tumbo la chini lijae, kisha liache lishuke lenyewe. Zhuangzi anasema watu wa kweli hupumua kwa visigino na watu wa kawaida kwa koo. Najua visigino havina mapafu, lakini jaribu kusimama ukiwa na wasiwasi kisha ukiwa umetulia, utaelewa alichokusudia.

Ge Hong (283–343), mwanachuoni wa Dao na tabibu, alikwenda mbali zaidi. Alieleza upumuaji wa mtoto aliye tumboni: kuvuta, kuzuia huku ukihesabu mapigo ya moyo hadi 120, na kutoa polepole kiasi kwamba unyoya wa bata bukini uliowekwa puani hautikisiki. Anayeanza asijaribu kuzuia pumzi hivyo. Unyoya lakini ni kipimo kizuri: lainisha pumzi hadi usiisikie mwenyewe.

Hasira na huzuni vinahusikaje?

Vinahusika kuliko mazoezi, kwa mujibu wa Neijing. Kitabu hicho kina orodha ambayo ningependa kila mtu aijue. Hasira huipandisha chi. Furaha huilegeza. Huzuni huimaliza. Woga huishusha. Mshtuko huivuruga. Fikra nyingi huifunga fundo. Baridi huikunja, joto huivujisha kwa jasho, na kazi ngumu huila.

Ipime mwilini mwako. Aliyekasirika uso humjaa damu na kichwa humgonga. Aliyeogopa sana miguu humwisha na mkojo hutaka kumtoka. Mwenye mawazo hali, chakula humkwama kifuani. Waganga wale walitazama watu kwa makini sana kabla ya kuandika. Kwa hiyo nusu saa ya chigongi asubuhi na saa kumi za kugombana na watu ni hesabu isiyolingana.

Na chakula na usingizi?

Kumbuka mchele ndani ya ile alama. Mafundisho ni ya kawaida: kula kwa wakati, acha kabla ya kushiba kabisa, pendelea vya moto na vilivyopikwa. Sun Simiao alishauri usilale mara baada ya kula; tembea kidogo, ukijipapasa tumbo kwa mikono.

Neijing hupanga usingizi kwa majira. Majira ya machipuko ya China ulale umechelewa kidogo, uamke mapema, utembee uani nywele zikiwa huru. Majira ya baridi ulale mapema na usiamke mpaka jua litoke. Anayeishi karibu na ikweta hawezi kunakili kalenda hiyo, lakini anaweza kufuata nia yake: wakati wa baridi na mvua ndefu mwili uhifadhi, wakati wa jua ufunguke.

Nahisi joto na mchomochomo viganjani. Ndiyo chi?

Walimu wengi watakuambia ndiyo. Daktari wa hospitali atakuambia damu imeongezeka kwenye vidole kwa sababu umelegea. Ushauri wa walimu wazuri ni uleule: ikija, ije, ikiondoka, iende. Anayeifukuzia hisia ameshaanza kuvuta mche.

Kuna hatari?

Ipo. Wachina huiita zouhuo rumo, moto umetoroka na mashetani yameingia. Hutokea mtu anapozuia pumzi kwa nguvu, anapotafakari saa nyingi bila mwalimu, au anapoitafuta miujiza. Dalili ni kukosa usingizi, kichwa kuuma, kusikia sauti, kutetemeka kusikokoma. Hospitali za magonjwa ya akili za China zilipokea wagonjwa wa namna hii wakati wa wimbi la miaka ya 1980 na 1990. Dalili hizo zikikupata, acha zoezi na uende hospitali. Aliyewahi kuugua akili abaki na mazoezi ya mwendo, aache tafakuri ndefu.

Mtu anadai ataniponya kwa kunitumia chi yake kutoka mbali. Nimwamini?

Usimpe pesa zako. Na usiache dawa za kisukari, za presha au za virusi vya UKIMWI kwa neno la mtu yeyote anayejiita bingwa wa chi. Watu wamekufa kwa kuacha dawa. Katika maandiko ya kale msingi ni kwamba chi yako unailea wewe. Hakuna anayeweza kukulelea, kama vile hakuna anayeweza kulala usingizi kwa niaba yako.

Sayansi inasemaje?

Hakuna kifaa kilichowahi kuipima chi kama tunavyopima joto au umeme. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa sababu sidhani chi ilikusudiwa kuwa kitu cha kupimwa kwa mita. Ni namna ya kuuelezea mwili ulio hai. Mazoezi yenyewe ni jambo jingine, nayo yamefanyiwa utafiti. Taichi huimarisha usawa wa mwili na kupunguza kuanguka kwa wazee, na kwa mzee aliyevunjika nyonga hilo si jambo dogo.

Ge Hong yule wa unyoya ana hadithi nyingine. Katika kitabu chake cha tiba za dharura aliandika kuhusu homa za vipindi: chukua konzi ya mmea wa qinghao, loweka ndani ya maji, kamua, kunywa. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, aliisoma kanuni hiyo, akagundua kwamba haikutaja kuchemsha, akatumia joto la chini na kupata artemisinini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto ya malaria tunayopewa Afrika Mashariki imetokana na kazi hiyo. Haithibitishi chi, inaonyesha tu kwamba maandiko haya yanastahili kusomwa kwa makini na kujaribiwa kwa uaminifu.

Mimi ni Mwislamu au Mkristo. Huu si ushirikina?

Swali halali. Baadhi ya njia zilikulia kwenye mahekalu ya Dao na zina kuwaza miungu ndani ya viungo vya mwili. Hizo imani yako itakukataza, na ni haki yako kumwuliza mwalimu mapema. Baduanjin na taichi kama zinavyofundishwa leo hazina sala wala sadaka. Fikra ya chi yenyewe haikuwa mali ya dini moja: Liu Zhi, mwanachuoni Mwislamu wa Nanjing, alitumia maneno ya chi kuufafanua Uislamu kwa Kichina katika kitabu alichokitoa mwaka 1704.

Asubuhi au jioni?

Ge Hong alisema kutoka usiku wa manane hadi adhuhuri chi ni hai, na kutoka adhuhuri hadi usiku wa manane imekufa. Ndiyo maana bustani za China hujaa alfajiri. Kama zamu zako za kazi hazikuruhusu, fanya unapopata nafasi tulivu, ila si ukiwa umetoka kula sasa hivi, si ukiwa na hasira, na si penye upepo mkali mgongoni.